Ekseli ya nyuma na matairi makubwa: kusoma dalili kabla shafti haijakatika

Juu ya benchi langu hapa Arusha kuna kipande cha shafti ya ekseli ya nyuma, urefu wake kama kiganja, kilichotoka kwenye Hilux dabo kebini. Ukikigeuza kwenye mwanga unaona uso wa mkato una rangi mbili. Upande mmoja kuna umbo la mwezi mchanga, jeusi lenye kutu, laini hata kidole kinateleza. Upande uliobaki ni wa kijivu, unang'aa, una chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa.

Mwenye gari aliniambia shafti ilikatika ghafla akipanda kilima cha mawe njia ya Ziwa Eyasi. Ule mwezi mweusi unasema vingine. Ni ufa wa siku nyingi, ulioanza kwenye ngozi ya chuma na kutembea ndani kidogo kidogo, huku unyevu ukiingia na kuutia kutu. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokuwa imebaki kubeba kazi siku ile. Katika miezi hiyo yote gari lilikuwa linalalamika. Sili ya upande huo (mpira unaozuia oili isitoke) ilibadilishwa mara mbili, na kuna mvumo ambao yeye na dereva wake walikubaliana kuwa ni kelele za tairi la matope. Alikuwa amefunga matairi ya inchi 35 na spesa za mm 30, vile vipande vinavyosogeza gurudumu nje.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza shafti nene kutoka Dubai au Australia, pitia dalili moja baada ya nyingine. Shafti huwa ya mwisho kulalamika.

Kwanza ujue una ekseli gani, na tairi limeongeza nini

Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu imetokeza nje, na juu yake kuna sahani ya duara iliyofungwa kwa nati zake yenyewe, hiyo ni ekseli ya kuelea. Uzito wa gari unabebwa na beringi mbili zilizokaa juu ya spindo (bomba la chuma kwenye ncha ya ekseli), na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Pikapu nyingi za Land Cruiser 70 ziko hivi. Kama katikati hakuna sahani ya namna hiyo na rimu imefungwa moja kwa moja kwenye bapa la shafti, kama kwenye Hilux, hiyo ni nusu kuelea: shafti ileile inazungusha gurudumu na inabeba uzito. Mengi yatakayofuata yanategemea jibu la swali hili.

Sasa tairi. La kawaida la 265/70R16 lina kipenyo cha karibu mm 777. La inchi 35 ni mm 889. Tairi ni mkono wa spana: nguvu inayosukuma ardhi iko mwisho wa mkono, na mkono umerefuka kwa asilimia 14. Chukua gari la safari lililojaa, gurudumu moja la nyuma limekaliwa na kilo 1,000, limeng'ang'ania mwamba mkavu kwa mshiko wa 0.9 ya uzito huo. Kabla halijateleza, tairi la mm 777 linaipa shafti msokoto wa kama Nm 3,430. La inchi 35 linafika Nm 3,920. Ukiwa umefunga loki ya difu (inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja) na gurudumu la pili liko hewani, msokoto wote wa ekseli unapita upande mmoja.

Watu hudhani injini kubwa ndiyo inayokata shafti. Injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, ambayo hakuna anayeisifia kwa mbio, hutoa kama Nm 285. Zidisha kwa gia ya kwanza, kisha lo (gia za nguvu za foo wili), kisha difu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu), unavuka Nm 10,000. Yaani injini ile ya kawaida inaweza kuvunja chochote kilichoko huko nyuma. Kinachookoa shafti kila siku ni tairi kuteleza, na tairi kubwa lenye meno marefu umelinunua ili lisiteleze.

Kuna na uzito. Tairi la inchi 35 la matope peke yake huzidi kilo 30, karibu mara mbili ya lile la kiwandani. Likizunguka bure kwenye matope halafu ghafla likapata jiwe, uzito wote ule uliokuwa unazunguka unasimamishwa na shafti.

Oili inaonekana ndani ya gurudumu

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa magari mengi, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Fundi anavua ngoma, anaona breki shuu zimelowa, anafunga sili mpya, gari linaondoka. Baada ya miezi miwili limerudi.

Anza na kipumuo, kile kikofia kidogo juu ya nyumba ya difu. Vumbi la njia ya Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, linakiziba kabisa. Difu ikipata joto hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Kivue, kipulize kwa mdomo, kioshe kwa dizeli. Ni kazi ya dakika tano, na nimeshaona watu wakibadilisha beringi nzima kwa sababu yake. Kama unavuka mito, funga mpira mrefu upandishe kipumuo hadi juu ya bodi, kwa sababu ekseli ya moto ikizamishwa kwenye maji baridi inavuta maji ndani. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Kipumuo kikiwa kizima, tazama beringi. Sili inazuia oili pale tu shafti inapozunguka katikati yake. Beringi ikilegea, shafti inayumba na mdomo wa sili unaachana nayo. Hapa ndipo spesa na rimu za kutokeza nje zinaingia. Spesa ya mm 30 chini ya kilo 1,000 inaongeza mpindo wa kama Nm 294 usioisha, gari likitembea au likisimama. Kwenye ekseli ya kuelea mpindo huo unakwenda kwenye beringi na spindo. Kwenye nusu kuelea unaikunja shafti yenyewe, pale pale beringi inapoishia. Na kwa kuwa shafti inazunguka, inakunjwa juu na chini kila mzunguko. Tairi la inchi 35 huzunguka takriban mara 360 kwa kilomita moja. Piga hesabu ya safari ya kilomita 1,000. Mwezi mweusi wa kwenye benchi langu ulizaliwa mahali hapo hapo.

Wenye Land Cruiser 79 yenye V8 ya dizeli wana kisingizio cha kweli. Tangu mabadiliko ya 2007, magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa jumla ya takriban mm 95, kwa hiyo kwenye mchanga na matope ya nyuma hayafuati njia iliyokanyagwa na ya mbele. Naelewa kwa nini mtu anataka kuyatoa nje. Lakini ukifanya hivyo, hesabu beringi za nyuma kama kitu cha kukagua kila huduma, si cha kusubiri kilie.

Sababu nyingine ni ndogo lakini inarudisha sili kila mara: mfereji uliochimbwa na sili ya zamani kwenye shafti. Pitisha ukucha. Ukikwama, sili mpya haitadumu pale. Igonge isogee milimita mbili ndani au nje, au badilisha shafti.

Mvumo unaobadilika na mwendo

Matairi ya matope yanavuma, hilo kweli. Ndiyo maana mvumo wa hatari unajificha ndani yake. Kuutenganisha hakuhitaji mashine.

Mvumo wa tairi unabadilika ukitoka lami kuingia vumbi. Mvumo wa beringi haujali barabara ila unajali uzito: kwenye barabara tupu, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yumbisha usukani polepole kushoto na kulia. Ukiongezeka unapokwenda kushoto, uzito umehamia kulia, tafuta beringi ya kulia. Mvumo wa difu unajali mguu: unapokanyaga mafuta unalia, ukiachia unanyamaza au unabadilika sauti. Ukilia wakati wa kuvuta tu, krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) zimechakaa au zimekaa vibaya. Ukilia wakati wa kuachia, mara nyingi beringi ya pinioni imelegea.

Kisha pandisha gari kwenye stendi, si jeki peke yake. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mkono mwingine uweke juu ya springi karibu na ekseli. Beringi iliyochubuka inasikika kwenye chuma cha springi kama mtu anayesaga punje za mchele, hata kama masikio hayasikii kitu. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, beringi imelegea.

Ukitoka safari ya kilomita 40 bila kushika breki sana, sogeza mgongo wa mkono kwenye habu ya kushoto, kisha ya kulia. Zikilingana joto, vizuri. Moja ikikufukuza, ni beringi iliyokazwa mno au breki inayoshika. Kwenye ekseli ya kuelea, ile nati ya kurekebisha beringi inakazwa kwa kipimo cha kitabu, kwa mizani ya kuvuta. Mafundi wengi, mimi mwenyewe zamani nikiwemo, tulikaza "kwa kusikia". Kwa tairi la kiwandani kusikia kulitosha. Kwa tairi kubwa beringi iliyolegea kidogo inajilegeza zaidi, na iliyokazwa mno inaungua.

Kugonga unapoanza kuondoka au kurudi rivasi

Weka vizuizi kwenye magurudumu, gia iwe huru, lala chini, shika propela shafti uizungushe kwa mkono kushoto na kulia. Fuata mlegeo uone unaishia wapi. Tazama krosi zote, yaani viungo vya propela. Ukiona kutu nyekundu ikitoka kwenye vikombe vyake, umeshapata mmoja wa wahalifu. Krosi zikiwa nzima na propela bado inacheza sana kabla pinioni haijashika, mlegeo uko ndani ya difu. Shika pinioni uisukume juu na chini. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

Onyo juu ya pinioni. Difu nyingi za Toyota zina bushi laini ndani inayobonyea wakati nati ya pinioni inakazwa, na kubonyea kwake ndiko kunakoweka kipimo cha beringi. Fundi akibadilisha sili ya mbele ya difu kisha akakaza nati ile kwa bomba refu, bushi inabonyea zaidi, beringi zinabanwa, na baada ya wiki chache difu inalia. Mteja analaumu matairi.

Kwenye ekseli ya kuelea kuna kugonga kwingine ambako hakutoki kwenye difu kabisa: nati za ile sahani ya nje. Chini ya nati hizo kuna washa ndogo za chuma zenye umbo la koni zinazoingia kwa kubana kwenye matundu. Zikifungwa chafu au zikasahauliwa, sahani inateleza nywele moja mbele na nyuma kila unapobadilisha mwelekeo, na stadi zinaanza kukatika mojamoja. Utaona unga mwekundu ukizunguka nati. Stadi mbili zikishakatika, zilizobaki hazichukui muda.

Yu bolti pia, zile zinazofunga ekseli kwenye springi. Matairi mazito yanazikaza na kuzilegeza springi kwenye mawimbi ya barabara hadi yu bolti zinapoteza mkazo. Hapo senta bolti inakatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja, na gari linaanza kutembea kama kaa.

Tairi za nyuma zinalika upande mmoja

Ekseli ya nyuma ya chuma kizima haina cha kurekebisha. Ikila matairi ukingoni, imepinda. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la nyuma, pima umbali kati ya mistari hiyo kwa mbele, kwa urefu wa habu, kisha sukuma gari hadi alama zile zile zifike nyuma, upime tena. Tofauti ikizidi mm 3 mimi naanza kutia shaka. Nyumba ya ekseli iliyopinda inailazimisha shafti kuzunguka ikiwa imekunjwa, na sili ya upande ule haitapona.

Magari ya safari yaliyokatwa na kurefushwa yanapata hili kuliko mengine. Fremu imeongezwa, paa la kufunguka limewekwa, friji, wageni saba na mizigo yao, madumu ya dizeli, lakini ekseli ni ile ile iliyotoka kiwandani. Ukaguzi ni kusugua kwa brashi ya waya mahali springi inapokalia na karibu na ncha za nyumba, kisha kutafuta ufa kwa tochi. Mstari wa oili na vumbi usiofutika ndio ufa.

Kuimarisha kwa kuchomelea kunawezekana, ila joto linapinda nyumba kuliko mizigo ilivyoipinda. Anayechomelea lazima afunge ekseli kwenye chuma kizito kilichonyooka, achomee vipande vifupi kwa kupokezana pande, aache ipoe. Aliyekuambia ataimaliza kabla ya chakula cha mchana, mshukuru uondoke.

Injini inakosa nguvu, difu inachemka

Tairi limekua lakini difu bado ni 4.1. Kwa mabadiliko ya kutoka mm 777 hadi 889, gari linajisikia kama lina difu ya karibu 3.6. Dereva anateleza klachi kuondoka, anaruka gia, anaachia klachi kwa kishindo kwenye udongo mweusi wa Ndutu. Kila kishindo kinaishia kwenye meno ya pinioni.

Kurudisha ilivyokuwa kunahitaji difu ya takriban 4.7. Zinazopatikana kwa difu nyingi za Toyota ni 4.56 au 4.88. Badilisha mbele na nyuma pamoja, usikubali "tuanze na ya nyuma". Na ujue kuwa namba ikipanda pinioni inakuwa ndogo. Unapunguza vishindo, lakini unapata pinioni dhaifu zaidi.

Halafu dashibodi. Kwa matairi haya ukisoma 80 unakwenda kama 91, na kilomita 5,000 za huduma ni kama 5,700 za kweli. Badilisha oili ya difu mapema kuliko ulivyozoea.

Wanaotumia foo wili kwenye lami na matairi mapya mbele, yaliyokwisha nyuma, wanapinda chuma bila kujua. Matairi yasiyolingana mzunguko yanavutana kupitia gia boksi hadi kitu kiachie, na kwenye lami hakuna kinachoteleza.

Shafti imekatika

Usiitupe. Mkato uliojisokota kama kamba, au meno ya mwisho yaliyopinda kama skrubu, maana yake msokoto ulizidi uwezo: loki, mwamba, mguu mzito. Hapo shafti ya chuma bora inasaidia. Mkato bapa wenye mwezi mweusi karibu na beringi ni uchovu wa kukunjwa, na shafti ngumu itapewa mpindo uleule. Ondoa spesa kwanza.

Mimi siharakishi kuuza shafti ngumu. Shafti ni fyuzi. Ukiifanya isikatike, kitakachofuata ni meno ya krauni, na hayo hayabadilishwi porini. Kwenye ekseli ya kuelea unafungua sahani, unatoa vipande vyote hadi cha mwisho, maana kilichobaki ndani kitakula difu, unaziba tundu, unarudi taratibu ukivutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye nusu kuelea, shafti ikikatikia kwenye beringi gurudumu linaondoka na ngoma yake.

Mwenye Hilux alichagua 265/75R16, ambayo ni mm 804, bila spesa, shafti ya kawaida, beringi mpya pande zote mbili, na kipumuo kilichopandishwa. Nilimwambia aje baada ya kilomita 1,000 tumwage oili ya difu. Alikuja na 870 kwa sababu alikuwa na wasiwasi. Bolti ya kumwagia ina sumaku, nikaifuta kwa kitambaa cheupe. Vipande vyenye kona vingemaanisha jino. Palikuwa na unga laini wa kijivu, kama majivu ya sigara, basi.